Usitume hiyo laki na nusu, mimi nimeshalizwa na hadithi hiyohiyo

Mdogo wangu wa Nachingwea, weka simu chini kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema dada usiyemjua kakufuata inboksi Facebook, mwanawe wa miaka mitatu kalazwa Ligula, hospitali ya serikali ya mkoa hapa Mtwara, anaomba laki na nusu ya oksijeni, na wewe umeshamtumia elfu ishirini. Ukauliza mambo matatu: utajuaje kama ni kweli, utamkatalia vipi bila kumvunja moyo, na ile elfu ishirini inarudi au ndiyo imekwenda. Naanza na la kwanza, la pili utalipata humohumo, la elfu ishirini tutalizungumza ukirudi.

Mimi naishi Mikindani. Soma tena: Mikindani. Kwangu hadi Ligula ni kilomita kumi na kitu, daladala zinapita mlangoni, nauli haifiki elfu mbili. Na bado nililiwa 760,000 na mwanamke aliyesema yuko wodini Ligula na mtoto mdogo, kila asubuhi anadaiwa bili ya oksijeni. Wenzangu wanalizwa na wachumba wa Ulaya, mimi nimelizwa na wodi ambayo ningeifika kabla chai haijapoa.

Ilikuwa Novemba, minada ya korosho imepamba moto, hela za wakulima zinaingia benki. Msimu ule simu zetu huku Kusini huwa zinajaa wagonjwa ghafla, sijui maradhi nayo husubiri mnada. Nikamtumia elfu 30, kesho yake elfu 70. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la kiume. Akasema laini ni ya shemeji yake. Nikameza.

Hiyo laki nimeshaisamehe, ilikuwa yangu. Kosa lenyewe lilifuata. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, sasa ni "nilikuwa". Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu, makusudi kabisa, ili mjinga mmoja asilifungue peke yake. Mjinga huyo akawazungukia wenzake wawili majumbani, akawachezesha sauti za mwanamke analia, wakaja na funguo siku ambayo si ya kikao. Tulihesabia jikoni kwangu, noti zinanuka dagaa kwa sababu nusu yetu tunauza dagaa. 400,000 kutoka mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Halafu nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: "Changeni kwa namba yangu, mimi ni dhamana." Zikaingia 260,000. Nikazituma zote jioni ileile, na ada ya kutuma nikalipa mimi. Mpaka ada!

Siku ya tatu nikapika uji, nikautia kwenye chupa, nikapanda daladala kwenda kumpa pole mwenzangu. Nesi akafungua daftari, akapitisha kidole, mtoto wa jina hilo hayupo na hajawahi kuwapo. Nikamwonyesha picha ya wodini niliyotumiwa, nikidhani kasoma vibaya. Akaikuza kwa vidole viwili, akaniambia taratibu, "Mama, tazama hiyo soketi ukutani." Matundu mawili ya mviringo. Nikatazama ukuta wa wodi: matundu matatu ya pembe nne, kama yaliyoko kwangu, kwako na kwa kila mtu nchi hii. Uji nikampa mama wa kitanda cha jirani.

Sasa yule admini wa grupu. Ndiye aliyelirudia tangazo langu na kuandika juu yake IMETHIBITISHWA kwa herufi kubwa na vitiki vitatu vya kijani. Nilipomuuliza amethibitisha vipi, akajibu, "Nimeongea naye kwa simu, alikuwa analia." Kulia! Wanangu hulia wakinyimwa soda. Na mwezi ule watu walipoanza kuniita mimi tapeli, maana hela zilipitia kwangu, bwana huyo akajitoa kwenye grupu usiku wa manane. Ile 660,000 ya watu nimeilipa kwa korosho za mume wangu. Kule Tandahimba mikorosho yake bado inaniuliza habari zangu, nadhani.

Ningejua kuuliza, ningeuliza jambo moja tu: mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sera, katika hospitali ya serikali anatibiwa bure. Najua wakati mwingine unaambiwa dawa ukanunue nje, tusidanganyane. Lakini bili ya oksijeni kila asubuhi?

Kwa hiyo shika hili: usitume kwenye namba ya mtu. Hospitali ya serikali ikikudai, dirisha la malipo linakupa kumbukumbu namba ya malipo, ya tarakimu 12. Mwombe hiyo. Unaiingiza kwenye simu, sehemu ya malipo ya serikali, na kabla ya namba ya siri unasoma unamlipa nani na kiasi gani. Likija jina la shemeji, funga. Akisema yuko hospitali ya misheni, Ndanda au Nyangao, tafuta mtu aliye huko aende dirishani kwa miguu. Akisema hana namba kwa kuwa hana uwezo kabisa, mwelekeze ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo, hapo ndipo misamaha inapoombewa. Mwenye mgonjwa atakushukuru. Wangu angenitukana, na ningebaki na sanduku langu.

Usiniambie laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2020. Laini ya tapeli wangu ilikuja kuonekana ni ya mzee mmoja aliyebonyezeshwa kidole mara mbili na wakala, "ya kwanza haijakubali baba". Hata wewe bonyeza *106# uone una laini ngapi usizozijua.

Mwombe sasa hivi namba ya tarakimu 12, halafu rudi hapa ubandike alivyokujibu. Niko macho, leo nauza maandazi ya alfajiri.