Maswali Yenu: Hivi ni Magavana Ndio Waliua Viwanda vya Michigan?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Grand Rapids, Michigan, nafanya kazi ghalani. Kuna mzee mmoja hapa kazini kila tukikaa mapumziko anaanza, jimbo hili lilikuwa na hela mpaka alipokuja yule gavana mwanamke, Jennifer Granholm, akaliua. Mwenzake anabisha, anasema aliyeliua ni yule aliyemtangulia. Mi nasikiliza tu. Hebu tuambie, kweli kiongozi mmoja anaweza kuua uchumi wa jimbo zima la viwanda? (Msomaji, Grand Rapids)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole na baridi. Huyo mzee wako muache aongee ila Granholm kaangushiwa jumba bovu.

Huyu mama aliingia ofisini Januari 2003 akatoka mwanzoni mwa 2011. Ukicheki sensa ya 2000 na ya 2010, Michigan ndio jimbo pekee Marekani nzima lililopungua watu, ajira za viwandani nazo zikapukutika karibu nusu, 2009 ukosefu wa ajira ukapita asilimia 14, na mwaka huohuo kampuni ya magari ya Chrysler ikafilisika mwishoni mwa Aprili, mwenzake GM ikafuata Juni mosi. Sasa mtu akiona hizo tarehe anasema si unaona, yote yametokea kwenye zamu yake. Lakini wale jamaa wa magari wa Detroit walianza kupokonywa soko toka mafuta yalipopanda 1973, wao wanatengeneza magari makubwa yanayokunywa mafuta balaa, Wajapani wanaleta vigari vidogo visivyoharibika ovyo, afu miaka ya tisini mafuta yaliposhuka bei wakarudi kulekule kwenye mapikapu kwa sababu ndiko kwenye faida nono. Chama cha wafanyakazi nacho, UAW, kilikuwa na mikataba ya ajabu. Kulikuwa na kitu wanaita benki ya kazi toka 1984, yaani kazi yako imeondolewa ila asubuhi unaripoti, unakaa kwenye chumba unajaza mafumbo ya maneno mpaka jioni, na unalipwa karibu mshahara wote! Hiyo hakuna gavana aliyeisaini, mabosi na chama walikubaliana wenyewe mezani.

Na ukitaka kujua mkono wa gavana unaishia wapi angalia Greenville, kamji ka watu kama 8,000 tu, si mbali na hapo ulipo. Kulikuwa na kiwanda cha mafriji cha Electrolux kimeajiri watu 2,700, 2004 kampuni ikatangaza inahamia Juarez, Mexico. Granholm akakusanya kila mtu, jimbo, mji, UAW, wakaandaa ofa, hakuna kodi miaka 20, tutawasaidia kujenga kiwanda kipya, wafanyakazi wako tayari kulegeza madai yao. Kwa anavyosimulia mwenyewe, wakubwa wa kampuni walitoka nje dakika 17, wakarudi wakasema ofa yenu ni nzuri kuliko zote tulizowahi kupewa, ila kule tutalipa dola 1.57 kwa saa. Basi, kikao kimeisha, na 2006 kiwanda kikafungwa. Anasema alienda kuwaaga wafanyakazi, mmoja ana miaka 48, baba yake na babu yake wote walifanya kazi palepale, akamuuliza sasa mheshimiwa nani ataniajiri mimi. Gavana hana sarafu yake ya kushusha thamani, hana forodha, mkataba wa biashara na Mexico ulisainiwa Washington ukaanza 1994. Angejibu nini?

Huyo mwenzake anayemtaja mtangulizi, John Engler (1991 hadi mwisho wa 2002), ana hoja kidogo, na mimi hapo niko upande wake. Engler hakuua kiwanda hata kimoja, yeye alipata bahati ya miaka minono, magari yanauzwa, hela inaingia, akaitumia kupunguza kodi. 1999 ikapitishwa sheria ya kushusha kodi ya mapato kidogo kidogo kila mwaka toka asilimia 4.4 mpaka 3.9, na kodi ya biashara nayo ikawekwa kwenye ngazi ya kushuka. Mwaka 2000 akiba ya dharura ya jimbo ilikuwa zaidi ya dola bilioni moja. Uchumi ukayumba 2001, akiba ikalambwa yote, na ngazi za kodi zimeshaandikwa kwenye sheria zinaendelea kushuka huku mapato yanashuka! Granholm akakuta kapu tupu, na katiba ya Michigan hairuhusu bajeti yenye pengo, kwa hiyo ni kukata na kukata, pesa za vyuo zikakatwa, za miji zikakatwa. Oktoba mosi 2007 serikali ya jimbo ikajifunga kwa masaa machache kabla bunge halijakubali kurudisha kodi ya mapato juu mpaka 4.35. Kama kuna muda wa kuliondoa jimbo kwenye kutegemea biashara moja ulikuwa ni ile miaka ya tisini, na wakati ule hakuna aliyetaka kusikia, si gavana si mpiga kura, tuseme ukweli.

Simtetei Granholm kwa kila kitu lakini. Dau lake kubwa lilikuwa betri za magari ya umeme, akavuta pesa nyingi za serikali ya Obama 2009. Kiwanda cha betri cha LG pale mji wa Holland, Michigan, jirani zako kabisa, Obama mwenyewe alikuja kwenye uzinduzi wa ujenzi 2010, na 2012 wafanyakazi wakawa wanacheza karata kazini kwa sababu oda hakuna. A123, kampuni nyingine ya betri, nayo ikafilisika mwaka huohuo. Kile cha Holland baadaye kilikuja kupata oda kikapanuliwa, ila 2012 ungewaambia nini watu? Alikuwa ameahidi makubwa na mapema mno.

SWALI: Kaka, Flint ndiko GM ilikozaliwa 1908, imekuwaje mji kama huo wakaja kunywa maji ya sumu? Ni viwanda vilichafua au ni serikali? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Serikali. Na hapa ndipo lawama kwa viongozi inastahili kabisa, maana kiwanda kuondoka ni jambo moja, unavyowafanyia watu waliobaki ni jambo jingine.

Flint ilikuwa na watu karibu 200,000 mwaka 1960, GM ikapunguza kazi, watu wakahama, mji ukabaki na mabomba ya watu 200,000 na walipa kodi nusu. Mwishoni mwa 2011 gavana Rick Snyder akaweka meneja wa dharura anayeamua badala ya meya na madiwani. Novemba 2012 wananchi wa Michigan wakaipigia kura sheria ya mameneja hao wakaikataa, mwezi uliofuata bunge likapitisha nyingine inayofanana nayo, safari hii wamechomekea pesa za bajeti ndani kwa sababu sheria yenye bajeti haipigiwi kura ya maoni. Ujanja wa mchana kweupe.

Aprili 2014 ili kubana matumizi mji ukaacha maji ya Detroit ukaanza kuvuta mto Flint, na hawakuweka dawa ya kuzuia kutu, hivyo maji yakawa yanakula mabomba na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, yanaingia kwenye glasi. Oktoba 2014 GM ikasema maji haya yanashikisha kutu vyuma vya injini zetu, ikaruhusiwa kutumia mengine. Watu waliendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi, mpaka daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotoka hadharani Septemba 2015 na vipimo vya damu. Snyder alishtakiwa 2021, kesi ikaja kufutwa.

SWALI: Nimepata nafasi kiwanda cha magari, mke wangu anasema kitafungwa kama vya zamani. Niende? (Msomaji, Lansing)

JIBU: Nenda, ila uliza kwanza unaajiriwa na kampuni yenyewe au na ajensi, maana uniformu inaweza kufanana na malipo yasifanane. Baada ya mgomo wa UAW wa 2023 mkataba wa GM unampandisha mtu mpaka mshahara wa juu ndani ya miaka mitatu badala ya minane, na unaisha Aprili 2028. Shemeji mwambie mkope nyumba kwa hesabu ya mshahara wa kawaida, ovataimu msiitie kwenye hesabu.