Sinia la mchanga kabla ya penseli: kwa walezi wapya wa watoto wa miaka 2 na 3

Wazazi watakuuliza mapema, "Mbona mwanangu bado haandiki?" Usiharakishe kumpa daftari. Mtoto wa miaka 2 bado anashika kalamu kwa ngumi na kuisukuma kwa mkono mzima kuanzia begani. Vidole ndivyo vya kuanza navyo.

Chekecha mchanga safi, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha umwage kwenye sinia la rangi iliyokolea, kina kisizidi sentimita 1. Wengi hukosea hapa. Mchanga ukizidi, kidole hakifiki chini, alama inajifukia, na mtoto anaishia kuchota na kumwaga. Ukiwa mwembamba, kidole kikipita rangi ya sinia inajitokeza na anauona mstari wake. Chora wewe kwanza, polepole, ukisema "chini, chini, chini." Mstari wa wima huja karibu na miaka 2, wa kulala hufuata, na duara karibu na miaka 3. Herufi ziache kwanza.

Donge la kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko vikubwa 2 vya mafuta, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe 1, ukiongeza kidogo kidogo. Likinata, ongeza unga. Likipasukapasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Aviringishe vijoka, kisha avikate kwa kufinya kwa kidole gumba na cha shahada. Kufinya huko ndiko kutakakoshika penseli baadaye. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mwili mdogo, kwa hiyo anayetia kila kitu mdomoni mpe ugali mgumu uliopoa. Maharage na shanga usiwape kabisa: huingia puani na kukaba koo.

Chaki zivunje vipande vya sentimita 2 au 3. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vinalazimika kufanya kazi. Ubao uwe ukutani, usawa wa macho yake, ili kifundo cha mkono kikae vizuri.

Wapo watakaolia wakigusa mchanga au donge. Usiwashike mkono kwa nguvu, tafadhali. Utawafanya waogope zaidi. Mpe kijiko au kijiti achoree, na kidole atakileta mwenyewe siku nyingine. Na anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie.