Maswali na Majibu: Jaribio Linalopita Mchana na Kufeli Usiku

Barua tulizopokea safari hii zimetoka Dodoma mjini, Makutupora na maeneo ya jirani, na nyingi zinalalamikia jambo linalofanana: mfumo wa wavuti unapita majaribio yote (programu ndogo zinazoukagua mfumo zenyewe) kwenye kompyuta ya aliyeutengeneza, kisha unakwama mara unapofika mikononi mwa watu. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba kosa ambalo hata mimi liliwahi kunigharimu.

SWALI: Shikamoo, ndugu mwandishi. Ninatengeneza mfumo wa wavuti kwa ajili ya mfanyabiashara wa mahindi katika soko la nafaka la Kibaigwa. Majaribio yangu ya kiotomatiki yanapita mchana kutwa, lakini nikikesha kufanya kazi, jaribio la orodha ya mizigo iliyopokelewa leo linafeli na kudai kwamba leo hakuna mzigo wowote. Nikiamka asubuhi linapita bila mimi kugusa kitu. Nimefikiria kulifuta. Unanishauri nini? (Kijana wa Nkuhungu)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usilifute, kwa maana hilo huenda ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote uliyoyaandika. Nina hakika ukiangalia vizuri utakuta linafeli kati ya saa sita na saa tisa usiku tu. Saa za Tanzania ziko mbele ya saa za ulimwengu (UTC) kwa saa 3, mwaka mzima, kwa sababu sisi hatusogezi saa kufuata majira. Seva nyingi za kukodi, yaani kompyuta zinazobeba mifumo ya wavuti, huwa zimewekwa katika saa za ulimwengu, kwa hiyo inapotimu saa sita usiku Kibaigwa, seva yako bado inahesabu saa tatu usiku ya jana, na itaendelea kuiita siku hiyo jana mpaka saa tisa. Jaribio lako linaandika mzigo kwa tarehe ya kompyuta yako, kisha linaiuliza seva mizigo ya leo, na seva inajibu kwa leo yake yenyewe.

Sasa usiishie kwenye jaribio. Wewe unalijua soko la Kibaigwa kuliko mimi: gari linaweza kupakiwa usiku, likapimwa na kuondoka kabla ya alfajiri. Gari lililopimwa saa saba usiku litaandikwa katika hesabu ya siku iliyopita, na likipimwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa mwenye biashara anayefunga hesabu zake tarehe 30 Juni, mzigo huo utaingia katika mwaka uliokwisha. Mwenye mzigo atagombana na karani, karani ataapa kwamba aliandika sawasawa, na wote wawili watakuwa wakweli.

Dawa yake ni kuhifadhi kila tukio katika saa za ulimwengu, kisha kuligeuza kuwa saa za hapa pale tu unapotaka kulionyesha au kulihesabia siku, ukitumia jina la eneo la saa linalotambuliwa na kompyuta, yaani Africa/Dar_es_Salaam. (Dodoma haina jina lake katika orodha hiyo, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.) Usijumlishe saa 3 kwa mkono ndani ya msimbo (maandishi ya programu), kwa sababu siku moja mtu mwingine atazijumlisha tena mahali pengine bila kujua kwamba wewe umeshafanya hivyo. Halafu uandike upya sehemu inayokokotoa siku, ili isijichukulie saa yenyewe kutoka kwenye mashine bali ipewe saa na anayeiita. Ukishafanya hivyo, jaribio lako linaweza kuipa saa yoyote unayotaka: saa sita kasoro dakika moja, saa sita kamili, saa tisa kasoro dakika moja, na usiku wa tarehe 30 Juni. Kwa upande wa kivinjari, zana ya kuendesha majaribio ya kivinjari kama Playwright inakuwezesha kuisimamisha saa ya ukurasa mahali unapotaka. Hapo jaribio litatoa jibu lile lile, uliendeshe mchana au usiku wa manane.

Niongeze jambo dogo. Karani akisema mzigo umefika saa mbili asubuhi, anamaanisha saa 8:00 katika kompyuta. Mimi niliwahi kutengeneza fomu ya kupokelea alizeti yenye kisanduku cha saa kisichokuwa na maelezo, na kwa wiki nzima makarani waliandika 2:00 kwa mizigo ya asubuhi. Majaribio yangu yote yalikuwa yamepita, kwa sababu niliyaandika nikiwa nimekaa peke yangu, nikiwaza kama kompyuta. Tangu hapo siandiki jaribio la fomu kabla sijamtazama mtu atakayeijaza akiijaza.

SWALI: Ndugu mwandishi, mfumo wetu wa kusajili wateja unakataa kuhifadhi mtu akiandika kwamba anaishi Ng'hong'honha au Chang'ombe. Wakati mwingine unahifadhi, lakini ukimtafuta humpati. Kwa wakazi wa Makulu na Kisasa hauna shida kabisa. Kosa liko wapi? (Msomaji wa Area C)

JIBU: Kosa liko kwenye ritifaa, ile alama ndogo iliyo kati ya herufi, na hapa kuna kasoro mbili zinazoonekana kama moja. Kasoro ya kwanza ni ya hatari. Mfumo unaokataa jina lenye ritifaa mara nyingi ni mfumo unaobandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata. Katika amri hizo ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno, kwa hiyo jina la Chang'ombe linaikata amri katikati. Mwenye nia mbaya anaweza kuupitia mlango huo huo, akaandika amri yake mahali pa jina na kusoma au kufuta kumbukumbu zenu zote. Mwambieni fundi wenu atumie amri zenye nafasi zilizoachwa wazi, ambazo maneno ya mtumiaji hupelekwa kando na hayachukuliwi kamwe kuwa sehemu ya amri. Kazi hiyo isisubiri mwezi ujao.

Kasoro ya pili ndiyo inayowafanya mshindwe kumpata mtu aliyekwisha kusajiliwa. Ritifaa ya kibodi ya kompyuta kwa kawaida ni iliyonyooka, ambayo katika Yunikodi (orodha inayoipa kila herufi namba yake) ni namba 39, ilhali simu nyingi na programu za kuandikia huibadilisha kuwa iliyopinda, namba 8217. Kwa jicho ni alama moja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mfumo uzigeuze zote kuwa aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, kisha liandikwe jaribio linalomsajili mtu kwa ritifaa iliyopinda na kumtafuta kwa iliyonyooka.

Inanisikitisha kuona wataalamu wetu wakijaribu mifumo yao kwa majina ya John na Smith kwa sababu ndivyo mifano ya vitabu ilivyo. Mfumo wa Ugogoni ujaribiwe kwa majina ya Ugogoni, pamoja na mtu mwenye jina moja tu, mwenye majina manne, na namba ya simu iliyoandikwa kwa 07, kwa 255 na kwa +255, zenye nafasi katikati na zisizo nazo, ambazo zote zinapaswa kuishia kuwa namba moja.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma. Majaribio yangu ya kivinjari nimeyawekea yasubiri sekunde 3 baada ya kila kubofya, lakini intaneti ikiwa nzito yanafeli, na nikiongeza hadi sekunde 10 yanachukua karibu saa nzima. Je, nihamie zana nyingine? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu)

JIBU: Hongera kwa kuanza mapema, ndugu yangu. Tatizo lako halitokani na zana. Kusubiri sekunde zilizohesabiwa ni kubahatisha: zikiwa chache jaribio linafeli, na zikiwa nyingi unapoteza muda hata pale ukurasa unapokuwa tayari. Unachotakiwa kusubiri ni tukio, kwa mfano kuonekana kwa maneno "Mzigo umehifadhiwa" au kuwaka kwa kitufe kilichokuwa kimezimwa. Selenium, ambayo Jason Huggins aliianzisha mwaka 2004 akiwa Chicago, ina namna ya kusubiri sharti fulani litimie. Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, hufanya hivyo yenyewe kabla ya kubofya: huhakikisha kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, kimeruhusiwa, na hakijafunikwa na kitu kingine. Kwa anayeanza leo ningependekeza Playwright, lakini kama mradi wako umeshajengwa kwa Selenium, rekebisha namna ya kusubiri na ubaki hapo hapo.

Kitafute kitufe kwa maneno ambayo mtumiaji anayaona, kama vile "Hifadhi", badala ya kukitafuta kwa jina la mtindo (la mwonekano wake) lililofichwa ndani ya ukurasa, kwa sababu mrembeshaji akibadilisha mtindo, majaribio yako yote yatakufa ilhali mfumo ni mzima.

Kuhusu intaneti nzito, ukurasa wako unavuta nini kutoka nje? Mara nyingi ni aina za herufi, ramani, au huduma ya malipo. Zana hizi zinakuruhusu kuyazuia maombi hayo njiani na kuyajibu kwa faili lililomo ndani ya kompyuta yako, kiasi kwamba majaribio yanaendeshwa hata bando likiwa limekwisha. Vivinjari vya Playwright vyenyewe ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo vipakue mara moja ukiwa chuoni penye mtandao wa bure.

SWALI: Tulipokuwa tunajaribu mfumo wa chama chetu cha wakulima wa zabibu, ujumbe wa "Malipo yako yametumwa" uliwafikia wakulima wa kweli. Walikuja ofisini asubuhi kudai fedha. Tutazuiaje? (Makutupora)

JIBU: Poleni, na wapeni pole wakulima pia, maana mtu anayesubiri fedha za mavuno hapaswi kuchezewa kwa ujumbe wa aina hiyo. Hifadhidata ya majaribio isiwe na namba hata moja ya mtu aliye hai, na seva ya majaribio isipewe kabisa nywila ya huduma ya kutuma ujumbe. Ipewe kitumaji bandia kinachoandika ujumbe kwenye faili, ili jaribio lilisome na kulithibitisha. Kunakili taarifa za wanachama na kumpa fundi azibebe kwenye kompyuta mpakato yake ni suala la kisheria vilevile, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tungeni wakulima wa kubuni.

SWALI: Ndugu, nimeajiriwa kutunza mfumo wa malipo ulioandikwa miaka mingi iliyopita bila jaribio hata moja. Mwajiri anasema kuandika majaribio ni kupoteza muda wa kazi. Nianzie wapi, na nimwambie nini? (Fundi wa Ilazo)

JIBU: Usimwombe miezi mitatu ya kuandika majaribio, kwa sababu atakataa, na mimi nitamwelewa. Usihangaike pia na asilimia ya msimbo uliojaribiwa. Muulize swali moja: ni kosa gani likitokea wiki hii litakufanya ukose usingizi? Katika mfumo wa malipo jibu linajulikana, nalo ni kumlipa mtu mara mbili.

Basi anza hapo. Karani anabofya "Lipa", mtandao unasuasua, haoni kitu, anabofya tena. Maombi mawili yanafika kwenye seva. Kuzima kitufe baada ya kubofya kunasaidia lakini hakutoshi, kwa sababu ukurasa unaweza kufunguliwa upya na kivinjari kikarudia ombi. Fomu inapofunguliwa ipewe namba yake ya pekee, namba hiyo isafiri na ombi la malipo, na hifadhidata yenyewe ikatae kuandika malipo mawili yenye namba moja. Kabla hujarekebisha lolote, andika jaribio linalotuma ombi lile lile mara mbili kwa wakati mmoja na kutarajia malipo mamoja tu. Litafeli. Mwonyeshe mwajiri likifeli, malipo mawili yakiwa yameorodheshwa kwenye kioo, na sidhani kama utahitaji kumwambia mengi zaidi.

La pili ni mahesabu. Kompyuta huhifadhi desimali nyingi kwa makadirio, na lugha ya programu ya JavaScript ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Hifadhi uzito kwa gramu na fedha kwa shilingi, vyote vikiwa namba kamili. Kisha kuna suala ambalo fundi hapaswi kuliamua peke yake: kilo 63.25 kwa bei ya shilingi 1,850 ni shilingi 117,012 na nusu, na nusu hiyo inakwenda kwa nani? Kanuni hiyo iamuliwe na wenye mfumo, iandikwe kwa maneno, halafu iwe jaribio.

Baada ya hayo mawili, endelea kwa utaratibu huu: kila kasoro inayoripotiwa, andika kwanza jaribio linaloionyesha, ndipo uirekebishe. Majaribio yote yajiendeshe kila mara msimbo mpya unapopelekwa kwenye hazina ya pamoja, mahali msimbo wote unapotunzwa, na likifeli hata moja, msimbo huo usipandishwe kwenye seva ya kazi, hata iwe Ijumaa jioni na mwajiri amesimama nyuma ya kiti chako.