Leseni yangu inazikataza kampuni za madini: kwa nini Debian wameikataa?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimeandika programu ya kuhesabu dawa kwa vituo vya afya hapa Lubumbashi. Mwenzangu akaitafsiri kwa Kifaransa. Kwenye leseni niliandika: "Bure kwa watu wote, ila kampuni za madini na biashara yoyote haziruhusiwi." Nilipoomba iingizwe kwenye Debian, ule mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, nikajibiwa kwamba si programu huru, yaani si ya kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Nilikosea wapi? (Msomaji, Kamalondo)

JIBU: Ndugu yangu, uchungu uliokufanya uandike sentensi ile naujua. Mkaaji wa Lubumbashi hasimuliwi habari za madini. Lakini ndiyo sentensi iliyokufungia mlango. Debian wana miongozo yao tangu 1997, na kifungu cha 6 hakikubali leseni ibague kazi ambayo programu itafanyiwa. Hawapimi ubaya wa anayekatazwa. Leseni ya JSON (muundo wa kuandika data) ilikuwa na sharti kwamba programu itumike kwa mema, si kwa maovu, na hata hiyo Debian waliihesabu kuwa si huru. Nani angeamua ovu ni lipi?

Sasa tazama sharti lako linamwangukia nani. Kijana mwenye kibanda kwenye soko la Kenya, hapo Lubumbashi, ananakili Debian kwenye flashi na kuiuza, maana mteja wake hana pesa ya kupakua gigabaiti zote zile. Hiyo ni biashara. Programu yako ikiwemo, kijana amevunja leseni yako kwa kila flashi anayouza. Kituo cha afya cha mtu binafsi, kinachotoza wagonjwa franga zao, nacho kimo mashakani. Kampuni ya madini je? Itajilipia programu nyingine na kusahau kwamba yako ipo.

Debian wana sehemu ya kando ya programu zisizo huru, ila kirasmi si sehemu ya Debian, na mimi nisingependa kazi yako ikae huko.

Futa sentensi ile, uweke leseni ya programu huru iitwayo GPL, toleo la 3. Haimkatazi mtu kutumia, inambana anayegawa. Akiirekebisha na kuwapa wengine, lazima awape na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa masharti yaleyale. Anayeitumia ndani ya ofisi yake bila kuigawa hadaiwi kitu, hata akiwa mgodi. Nakwambia hilo wazi ili usije ukalalamika baadaye. Wala usiandike "GPL, lakini...": GPL yenyewe inamruhusu anayepokea programu kuliondoa sharti la namna hiyo.

Kabla ya kubadilisha, mwombe mwenzako ridhaa. Tafsiri ni mali yake, huwezi kuibadilishia leseni peke yako. Barua pepe yake fupi inatosha, itunze. Kisha mtaje pamoja nawe, na mwaka, kwenye faili la debian/copyright, linalotaja wenye hakimiliki na leseni, ndipo utume ombi upya.