Maswali ya wafugaji: China ilivyopoteza nguruwe wake na ilivyowarudisha

Mwezi uliopita niliandika kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoua nguruwe, na nikaitaja China kwa aya moja tu. Wasomaji wengi, hasa wafugaji, wametaka zaidi. Nayajibu hapa maswali yaliyojirudia.

Kwa nini kila habari ya nguruwe lazima iishie China? – Mfugaji, Njombe

Kwa sababu karibu nusu ya nyama yote ya nguruwe duniani huzalishwa huko. Mwaka 2018 pekee Wachina walichinja nguruwe wapatao milioni 694.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1980 nchi nzima ilitoa tani milioni 11 hivi, na mjini nyama ilinunuliwa kwa kuponi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kaya za vijijini zilipata tena uhuru wa kufuga na kuuza. Kufikia 2000 uzalishaji ulikaribia tani milioni 40, na 2014 ukapita milioni 56. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilibebwa na watu wenye nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, waliowalisha pumba, majani ya viazi na mabaki ya jikoni. Naomba mliweke hilo akilini, maana kuna msomaji anawaulizia hao hao hapa chini.

Homa iliwaathiri kiasi gani hasa? – Mwanafunzi wa mifugo, Morogoro

Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 3 Agosti 2018, mjini Shenyang, kaskazini mashariki. Kufikia Aprili 2019 ugonjwa ulishafika kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, na hakuna jimbo la China bara lililobaki salama. Malori ya nguruwe yaliusafirisha mamia ya kilomita, na makombo ya chakula yasiyochemshwa yakausambaza mabandani. Tena aliyeona mmoja anaumwa mara nyingi aliwauza wengine upesi kabla hawajafa. Anayejua minada yetu anajua kwamba tabia hiyo ipo hapa pia, na ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mfugaji anafanya hivyo akiwa na ada ya mtoto kichwani.

Mwisho wa 2018 China ilikuwa na nguruwe milioni 428 mabandani. Mwisho wa 2019 walibaki milioni 310. Nyama ilishuka kutoka tani milioni 54 mwaka 2018 hadi milioni 42.5 mwaka 2019, kisha milioni 41 mwaka 2020. Bei ya nguruwe hai ilikaribia yuan 40 (yuan ni fedha ya China) kwa kilo mwishoni mwa Oktoba 2019, karibu mara tatu ya mwaka mmoja kabla. Mwezi Septemba 2019 serikali ilitoa tani 10,000 za nyama iliyogandishwa kutoka akiba ya taifa na kuziuza kwa mnada. Piga hesabu: kwa ulaji wao wa kawaida, hizo hazifikishi saa mbili. Pengo likazibwa kwa kuagiza, na 2020 ziliingia zaidi ya tani milioni 4 kutoka nje.

Ni kweli ugonjwa huu ulitoka kwetu? – Msomaji, Nakuru

Kweli. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, aliyeuona ukiua nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Virusi vyake huishi katika ngiri na papasi (aina ya kupe) wa mashimoni, na ngiri mwenyewe haumwi. Mwaka 2007 aina inayopatikana kusini mashariki mwa Afrika ilizuka Georgia, na kutoka huko ikapita Urusi hadi China. Binadamu haumpati.

Bei ikipanda hivyo, si ndiyo wakati wa kuongeza majike? – Mama mfugaji, Moshi

Mama yangu, hapo ndipo Wachina wengi walipoumia mara ya pili.

Jike hubeba mimba kwa siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kitoto nacho kinahitaji kama miezi sita kufikia uzito wa kuchinjwa. Kwa hiyo ukimpandisha jike leo kwa sababu ya bei ya leo, nyama yako itafika sokoni baada ya miezi tisa au kumi. Ukianza na mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, na bado ni mdogo, unaongeza miezi mingine. Kila jirani yako ameiona bei ile ile, amefanya hesabu ile ile, na mtakutana wote mnadani siku moja.

China walibakiza hata majike waliofugwa kwa ajili ya kuchinjwa, ilimradi tu wazae. Uzalishaji ukaruka hadi karibu tani milioni 53 mwaka 2021, na kufikia Oktoba mwaka huo bei ilikuwa imeanguka hadi yuan 11 au 12 kwa kilo, chini ya gharama ya kulisha. Mwaka 2023 nyama ilifikia karibu tani milioni 58, zaidi ya kabla ya homa. Sasa serikali yao inafuatilia idadi ya majike wazazi, na 2024 ililishusha lengo la taifa kutoka milioni 41 hadi milioni 39.

Ushauri wangu kwako: kabla ya kununua mtamba, zunguka mtaani uulize wenzako wana majike wangapi wenye mimba mabandani. Bei ya sasa inakueleza walichofanya mwaka jana tu.

Wale wafugaji wadogo walirudi? – Msomaji, Mbeya

Wengi hawakurudi. Kampuni ya Muyuan iliuza nguruwe milioni 11 mwaka 2018, na zaidi ya milioni 70 mwaka 2024. Huko Ezhou, jimbo la Hubei, limejengwa jengo la ghorofa 26 la kufugia nguruwe tu. Mashamba yanayouza nguruwe 500 au zaidi kwa mwaka yalitoa chini kidogo ya nusu ya nguruwe wote mwaka 2018. Kufikia 2023 yalikuwa yanatoa theluthi mbili.

Mlaji wa mjini amepata nyama yake, na siidharau faida hiyo. Lakini takwimu za tani zinaposema China imepona, zinaficha mamilioni ya kaya zilizofunga mabanda. Nadhani kupona huko ni kwa nusu.

Tunaweza kuwauzia kitimoto? – Kijana mjasiriamali, Iringa

Kwa sasa, hapana. Ujerumani ilikuwa miongoni mwa wauzaji wao wakubwa. Septemba 2020 nguruwe pori mmoja aliyekufa Brandenburg alikutwa na homa, na siku chache baadaye China ikaifungia nchi nzima. Sisi tunaishi na homa hiyo miaka yote.

Mlango uliopo ni wa chakula cha nguruwe wao. China huagiza zaidi ya tani milioni 100 za soya kwa mwaka, nyingi kutoka Brazili, na tangu 2020 soya ya Tanzania imeruhusiwa kuingia. Kama una shamba Iringa au Ruvuma, anza kwa kumuuliza afisa kilimo wako masharti ya afya ya mimea, maana mzigo wenye mbegu za magugu au wadudu hurudishwa bandarini.