Bedford Hasa ni Ipi? Barua kwa Mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika, na picha nimezitazama mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Huku Tanga sote wazima.

Umeniambia kuwa pale Brighton, kwenye yale malori ya zamani yanayoendeshwa kutoka London kila mwezi Mei, umeziona Bedford mbili zenye uso mmoja na rika moja. Moja ina sanduku refu lililopanda mpaka juu ya kichwa cha dereva. Nyingine ina sakafu ya mbao tu, haina hata ukingo. Ukauliza, "Baba, Bedford hasa ni ipi?"

Swali hilo ungemuuliza fundi mwingine angekujibu kwa injini. Mimi nimekula kwa kujenga bodi za malori, basi nitakujibu kwa bodi.

Bedford ni zote mbili, mama, kwa sababu kazi ya Bedford iliishia nyuma ya kisogo cha dereva. Kiwanda kilitoa injini, chesisi (ile fremu ya chuma ya chini), ekseli na kibanda. Wapo walionunua na bodi ya kiwandani, lakini wenye mizigo ya namna yake waliipeleka chesisi kwa mjenzi wao, na miji mingi ya Uingereza ilikuwa na karakana za namna hiyo. Chesisi nyingine ziliondoka kiwandani bila kibanda. Dereva alikaa peupe, miwani usoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, akaiendesha mvuani hadi kwa seremala. Ndiyo, seremala. Mifupa ya bodi ilikuwa mbao za mti wao mgumu uitwao ash, na juu yake bati la alumini.

Sasa tazama lile sanduku la juu ya kichwa cha dereva. Waingereza wenyewe huiita bodi ya Luton, jina la mji uleule zilikotengenezwa Bedford, na Luton kabla ya magari ulikuwa mji wa kofia za majani. Kofia hazina uzito, zinakula nafasi. Ukijaza gari kofia, springi hazihisi kitu, lakini pa kuweka nyingine hapana. Basi unafanyaje? Unapanda juu ya kibanda. Samani nazo ni vivyo hivyo, ndiyo maana magari ya kuhamisha nyumba yalitengenezwa marefu na mapana, na mengine sakafu yake ilishushwa upande wa nyuma ili kabati liingie bila kunyanyuliwa sana.

Ile tupu ni kinyume chake. Chuma, matofali, marobota ya pamba: mzigo mzito, na kreni inataka kuufikia kutoka pande zote. Ukingo ungekuwa kero. Usiione tupu ukadhani haikumaliziwa. Bodi yake nusu ilikuwa mikononi mwa dereva: turubali na kamba. Dereva wa zamani wa Uingereza alijua kukunja turubali mvua isipenye na kukaza kamba kwa fundo linalozidisha nguvu ya mkono, kutoka mwanzo wa mzigo hadi mwisho. Asiyelijua fundo hilo hakuwa dereva, hata angejua gia zote. Siku hizi kwenye maonyesho wapo wanaoyapakia na kuyafunga malori yao hivyo, na hao ndio ninaowapenda kuliko wote, maana lori la sakafu lililong'arishwa bila mzigo limenyamaza.

Halafu kuna sheria, na hii haionekani kwenye picha. Kwa miaka mingi lori ambalo uzito wake tupu ulizidi tani 3 lilizuiwa lisipite maili 20 kwa saa, hadi mwaka 1957. Lile jepesi liliruhusiwa maili 30. Fikiria maana yake kwa seremala! Kila ubao alioupunguza unene, kila bati aliloligeuza kutoka chuma kuwa alumini, ulikuwa mwendo wa mtu na mshahara wa mtu. Ndiyo siri mojawapo ya Bedford kupendwa: ilikuwa nyepesi. Na ile mizito ya magurudumu manane, Foden, ERF, Atkinson, Leyland Octopus, AEC Mammoth Major, ilitambaa. Foden, ERF na Atkinson nyingi zilikuwa na injini ya Gardner 6LW yenye nguvu za farasi 102, nayo inavuta lori lenye jumla ya tani 22. Kupanda mlima wa Shap, kule kaskazini, kabla barabara ya M6 haijafunguliwa mwaka 1970, ilikuwa kazi ya gia ndogo na subira. Mwaka 1964 sheria ikaruhusu kichwa na semi-tela kufika tani 32, basi matajiri wakaanza kuyaacha ya magurudumu manane. Umbo la lori hubadilishwa na karatasi, Rehema, kabla hata fundi hajashika msumeno.

Lakini kinachonigusa mimi hasa ni jinsi bodi zile zilivyopimwa kwa mgongo wa mtu. Lori la makaa lilikuwa na sakafu ya kimo ambacho mpagazi aligeuka tu, akaegemeza mgongo, gunia la kilo 50 likamkalia mabegani. Lori la maziwa lilisimama sawa na jukwaa la zege lililokuwa kwenye lango la shamba, ili debe kubwa la galoni 10 lizungushwe kwa ukingo wake, lisibebwe. Lori la mapipa ya bia lilikuwa chini, pipa lishuke kwa kuviringishwa. Wafugaji nao walikuwa na banda la ng'ombe linaloshushwa zima: siku ya mnada liko juu, siku nyingine gari ni sakafu ya kubebea nyasi.

Kile kigari cha miguu mitatu ulichokicheka ni Scammell Scarab, cha 1948, mrithi wa kile walichokiita farasi wa mashine cha mwaka 1934. Usikicheke. Kilichukua kazi ya farasi wa stesheni za reli. Kinarudi nyuma, kinajifunga chenyewe kwenye tela, kinaondoka. Na kwa gurudumu moja mbele kinageuka mahali ambapo lori jingine lingekwama. Kigari kimoja kilihudumia tela tatu: moja inapakiwa, moja inapakuliwa, moja iko njiani.

Kwetu chesisi hizohizo za Bedford, Leyland na Albion zilishuka bandarini, nasi tukazivalisha kwa mvule na mninga. Mkonge ulitaka sakafu imara, robota moja kilo 250. Mahindi yalitaka mbavu ndefu na mlingoti wa turubali. Juu ya kibanda tukaweka keria, na utingo akalala humo. Unguja wakajenga magari ya abiria ya mbao juu ya chesisi za lori, madirisha wazi, mabenchi pembeni.

Kanuni ilikuwa moja huku na huko: usitoboe chesisi kwenye midomo yake ya juu na chini. Weka gogo refu la mbao ngumu kati ya chesisi na bodi, kisha funga kwa yuboliti, boliti iliyopindwa kama herufi U. Chesisi ya lori hujipinda njiani, na lazima iachwe ijipinde. Ukiibana kila mahali, ama bodi itapasuka ama chesisi itakatika. Nimeyaona yote mawili.

Mei ijayo ukienda tena, inama. Tafuta lile gogo la mbao, uone yuboliti zimekaa wapi na mbele kumeachwa nafasi kiasi gani. Kisha tafuta kibati kidogo karibu na mlango au kwenye ubao wa mbele wa sakafu: hapo mjenzi wa bodi aliandika jina lake na mji wake. Vipige picha vyote, karibu kabisa, uso wa gari acha. Na kama mwenye gari yupo, msalimie, umuulize bodi ni ya asili au imejengwa upya, maana mbao huoza kabla ya chuma, na aliyeijenga upya atakuwa na mengi ya kukueleza.

Mama yako anasema uvae sweta.

Baba yako