Mnara wa kidijitali: anzeni na jiwe

Ndugu, umeuliza kama skrini kubwa itafaa kuwakumbuka akina mama waliogoma kula pale Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992, wakidai wana wao waliofungwa kisiasa waachiliwe. Mimi ningeanza na jiwe. Skrini huzimika stima ikipotea, na tovuti hutoweka ada isipolipwa. Lakini kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, majina ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani mwaka 1998 yanasomeka ukutani bila umeme wowote. Chongeni maelezo mafupi, kisha msimbo wa QR, ule mchoro unaosomwa kwa kamera ya simu, uwapeleke watu kwenye sauti za waliokuwepo. Hizo sauti ndizo roho ya kazi yenu! Zirekodini sasa, kwa ridhaa yao, maana wanazeeka. Nakala moja pelekeni Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue.